Jina kwenye Sweta: Namna ya Kuchagua Fonti ya Kudarizi na Kubadili Ukubwa Wake

Kazi ya majina ndiyo inayolisha nyumba yangu. Mtu akiiona mashine ya kudarizi kwa mara ya kwanza huwaza maua na ndege, lakini wanaobisha hodi kwangu hapa Ngamiani, Tanga, wanataka herufi. Jina la mtoto kwenye sweta la shule. "Usiku Mwema" kwenye foronya za bibi harusi. Jina la kikundi mgongoni mwa fulana za sherehe. Ua likipinda kidogo hakuna anayejua kwamba lilipaswa kunyooka. Herufi ikipinda, hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona. Kwa hiyo wewe unayeanza usivunjike moyo jina lako la kwanza likitoka limejikunja. Umeanzia kwenye kazi ngumu.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa mashine ya nyumbani yenye sindano moja na fremu mbili za kuwambia kitambaa: ya milimita 100 kwa 100 na ya milimita 130 kwa 180. Wenye mashine kubwa za sindano kumi na tano wana mambo yao, ingawa hesabu za uzi na kitambaa ni zilezile.

Sweta lililonifundisha

Mwaka wangu wa kwanza, wiki ya kufungua shule mwezi Januari, nilipokea masweta 32 ya kuandika majina. Nilikuwa na fonti, yaani seti ya herufi za muundo mmoja, niliyoipenda sana, ya herufi kama za vitabuni, zenye vijimkia kwenye ncha na miguu minene kwa miembamba. Ilitengenezwa kwa urefu wa milimita 25. Sweta lilitaka jina la milimita 12 tu kifuani. Nikaingiza jina kwenye programu ndogo ya kompyuta niliyokuwa nayo, nikavuta pembe mpaka likafika kipimo, nikahifadhi, nikapeleka kwenye mashine. Kwenye kioo lilipendeza.

Jina lilikuwa Mwanaidi. M ilipita. Kwenye w mlio wa mashine ulibadilika, ukawa wa kugonga, kama mchi unaokita kwenye kinu kitupu. Hapo ndipo pa kusimamisha mashine, nami nikaiacha iendelee. Kwenye a ya kwanza sindano ilikatika. Nilipogeuza fremu, uzi wa bobini, ule wa chini ya mashine, ulikuwa umejisokota chini kama kiota cha chiriku, na nilipoukata ili kulitoa sweta, palibaki tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Sweta lile nililinunua upya kwa fedha yangu. Yale 31 nikayashona usiku kucha kwa fonti nyingine, na kesho yake nikaanza kutafuta sababu.

Sababu ni hii. Faili la kudarizi ni orodha ya mahali sindano itakapotua, moja baada ya jingine. Herufi nyingi hushonwa kwa mshono wa satini, yaani uzi unakwenda na kurudi ukikatisha upana wa mstari wa herufi. Kati ya uzi mmoja na unaofuata huwa kuna kama milimita 0.4, na uzi wa kawaida wa kudarizi, ule namba 40, ukilala kwenye kitambaa huchukua karibu nafasi hiyohiyo. Kwa hiyo nyuzi zinalala bega kwa bega kama miyaa kwenye mkeka. Sasa mimi nilipotoa herufi kutoka milimita 25 hadi 12, programu haikupunguza hata mshono mmoja. Ilizisogeza tu sehemu za kutua. Ile 0.4 ikawa 0.19. Nyuzi mbili zikagombea nafasi ya uzi mmoja, na kwa kuwa herufi ilipungua urefu na upana pia, idadi ileile ya mishono ikasongamana kwenye eneo dogo zaidi ya mara nne. Sindano ilikuwa inapiga uzi juu ya uzi. Lazima ikatike.

Ukikuza, mambo yanageuka. Herufi iliyopanuliwa mara moja na nusu huwa na nafasi ya milimita 0.6 kati ya nyuzi, na rangi ya kitambaa inachungulia katikati. Isitoshe, mstari uliokuwa na upana wa milimita 5 unakuwa 7.5, na uzi mrefu kiasi hicho unalegea. Unanaswa na pete, unanaswa na kucha, na ukifuliwa mara tatu umeanza kutoa vitanzi.

Kwanza jua mashine yako inafanya nini

Kuna mashine na programu zinazohesabu upya mishono ukibadili ukubwa, na kuna zinazobana au kutanua tu. Kuzitofautisha ni rahisi. Fungua jina, soma idadi ya mishono iliyoandikwa kwenye kioo, kisha punguza ukubwa kwa asilimia 20 na usome tena. Tuseme ilikuwa mishono 2,840. Ikibaki 2,840, basi imebanwa tu. Ikishuka, imehesabiwa upya.

Kwa faili lililobanwa tu, mimi sipiti asilimia 10 kwa moyo mkunjufu. Asilimia 20 nakubali baada ya kulijaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kwa sababu hapo 0.4 inakuwa 0.32 ukipunguza, au 0.48 ukikuza, na kitambaa kigumu kama tetroni kinavumilia. Zaidi ya hapo natafuta faili jingine. Wauzaji wengi wa fonti huuza fonti moja kwa saizi tatu au nne, kila moja ikiwa imetengenezwa kwa kipimo chake. Nunua hiyo yenye saizi nyingi hata kama bei ni juu kidogo, uwe na 12, 20, 25 na 50, usihangaike kuvuta pembe.

Na programu inayohesabu upya? Hapo wengi wanadhani wameokoka. Nafasi kati ya nyuzi inabaki sawa, kweli, lakini upana wa mstari wenyewe umepungua, na hilo programu haiwezi kukusaidia.

Pima mstari kabla ya kupima urefu

Wanaoniuliza huanza na swali moja: herufi fupi kabisa inayoshonika ni milimita ngapi? Mimi nawaambia wachukue rula wapime unene wa mstari wa herufi, na wapime mahali palipo pembamba kuliko pote. Hapo ndipo jina linapofia.

Fikiria sindano. Sindano namba 75/11, tunayotumia kila siku, ina unene wa milimita 0.75. Kwenye mshono wa satini inatoboa ukingo wa kushoto, kisha wa kulia. Mstari ukiwa na milimita 0.6, tundu la kulia linaangukia karibu ndani ya tundu la kushoto. Kitambaa kinakatwa kama stempu, na uzi hauna pa kulala.

Mipaka yangu, niliyoipata kwa kuharibu vitambaa, ni hii. Kwenye tetroni au poplini, mstari usiwe chini ya milimita 1, na mimi nalala usingizi ukiwa 1.3. Kwenye sweta nataka 1.8 hadi 2. Kwenye taulo 3. Juu kabisa, kwenye kitu chochote kinachofuliwa, nakomea 7.

Turudi kwenye fonti yangu ya vitabuni. Kwa urefu wa milimita 25, mguu mnene wa M ulikuwa na 3.6 na mguu mwembamba 1.1. Zidisha kwa 0.48, maana 12 ni asilimia 48 ya 25. Mguu mnene unapata 1.7, si mbaya. Mwembamba unapata 0.5. Umekwisha. Vijimkia navyo vinakuwa vidonge vya uzi. Lakini fonti ya herufi za kawaida zisizo na vijimkia, zenye unene mmoja kila mahali, ikiwa na mstari wa 3.5 kwa urefu wa 25, ukiipunguza kiasi kilekile inabaki na 1.7 kila upande. Inashonika, mradi mishono ihesabiwe upya. Ndiyo maana masweta yale 31 niliyashona kwa herufi za namna hiyo, zilizotengenezwa kwa urefu wa milimita 12 tangu mwanzo, na mstari wa 1.9.

Kwa hiyo fanya hesabu kabla ya kununua au kupakua. Urefu unaoutaka gawanya kwa urefu wa asili, kisha zidisha kwa unene wa sehemu nyembamba kabisa. Ukipata chini ya mpaka wa kitambaa chako, achana na fonti hiyo hata kama inakutabasamia.

Kuna jambo jingine linalojificha kwenye namba hizi. Mshono wa satini huvuta kitambaa kuelekea katikati, hivyo mstari unaoonekana na upana wa 2 kwenye kioo unatoka na 1.7 kwenye nguo, na o iliyo duara inatoka imebonyea. Watengenezaji wa fonti wanajua, kwa hiyo huongeza upana kidogo, tuseme milimita 0.2 kwa kitambaa kigumu na 0.4 kwa kinachovutika. Ukilipunguza faili nusu, na nyongeza ile imepungua nusu, ilhali kitambaa kinavuta kama kawaida. Kama programu yako ina mahali pa kuweka nyongeza hiyo, irudishe baada ya kubadili ukubwa. Mimi hili nililigundua nikiwa nimeshakata tamaa na herufi o.

Chagua fonti kwa herufi a

Picha za kuuzia fonti huonyesha herufi kubwa, tena zile zenye madoido: B, R, S. Sisi tunaandika Kiswahili. Tazama majina tunayoletewa: Mwanaidi, Asha, Salama, Zawadi, Baraka, Rehema. A imejaa kila mahali, ikifuatiwa na e na i. Fonti yenye B ya kifalme na a iliyoziba haitufai kitu.

Kabla ya kuamua, naangalia tundu la ndani ya a na jicho la e. Kuna a za namna mbili: ile yenye kofia juu na tumbo dogo chini, kama ya kwenye magazeti, na ile ya duara na mguu, kama tunayofundishwa kuandika darasa la kwanza. Kwa herufi fupi chini ya milimita 15, chagua ya duara. Tumbo la ile ya magazeti linakuwa dogo mno, uzi wa pande mbili unakutana katikati, na a inageuka doa. Jicho la e nalo liwe na uwazi wa angalau milimita 1 baada ya kupunguzwa. Pungufu ya hapo, Rehema anasomeka kama mtu mwingine.

M na w nazo ni zetu. Majina yanayoanza na Mwa- hula nafasi kabla hata hujafika katikati, maana M na w ni herufi pana kuliko zote. Ndiyo sababu siamini makadirio ya "jina la herufi nane litaingia". Zawadi ina herufi sita na Mwamvua saba, lakini Mwamvua inahitaji upana zaidi kwa mbali.

Mwandiko wa kuunganishwa

Mabibi harusi wanaupenda, na mimi pia naupenda kwenye foronya za marikani nyeupe. Ila una masharti. Usiandike herufi kubwa tupu kwa mwandiko huo. MWANAIDI ukiiandika hivyo hakuna atakayeisoma. Herufi kubwa ni ya kwanza tu. Ukibadili ukubwa, badili urefu na upana kwa pamoja, kwa sababu ukibana upana peke yake viunganishi kati ya herufi vinapandana au vinaachana, na tundu dogo kati ya n na a linaonekana kutoka mlangoni. Tena viunganishi hivyo ndivyo sehemu nyembamba kuliko zote, basi rula iende hapo.

Mwezi uliopita alikuja somo wa bibi harusi na foronya nne. Alitaka Mwanahamisi na Abdulrahman.

"Mwanangu, nataka mstari mmoja," akaniambia, "wawe pamoja, wasitenganishwe."

"Mama, nikiwabana mstari mmoja watakuwa pamoja lakini hutawasoma."

Nikamwonyesha kwenye karatasi. Kwa herufi za urefu wa milimita 20, kila jina lilichukua kama 121. Yote mawili na "na" katikati yalifika 272, na fremu yangu kubwa inaishia 180. Ili yaingie ningepunguza hadi asilimia 66, na mstari wa 1.6 ungekuwa 1.06, viunganishi chini ya hapo. Nikampangia mistari mitatu: Mwanahamisi juu, "na" ndogo katikati, Abdulrahman chini, yote ndani ya fremu moja bila kubadili ukubwa. Alipoona wako karibu hivyo, mmoja juu ya mwenzake, akaridhika.

Karatasi ile naitumia kwa kila mteja. Nachapisha jina kwa ukubwa wake halisi, nalikata, nalibandika kwenye nguo kwa pini. Kwa sweta, mtoto alivae kabisa. Kifua cha mtoto wa darasa la kwanza, kutoka vifungo hadi kwapa, mara nyingi kwenye masweta ninayoletewa hakizidi milimita 90, na jina linatakiwa liache pumzi pande zote mbili. Hapo ndipo mzazi mwenyewe anasema, basi andika jina la kwanza tu.

Faili za namna tatu

Mashine huja na fonti zake za ndani. Usizidharau. Zimepimwa kwa mashine hiyo na kwa kawaida zina saizi ndogo, ya kati na kubwa. Kwa sare za shule mimi mpaka leo natumia ya ndani.

Za pili ni zile unazonunua, kila herufi faili lake, kwa lugha ya mashine yako: PES kwa Brother, JEF kwa Janome, DST ambayo asili yake ni ya mashine za Tajima lakini karibu kila programu inaifungua. DST haibebi rangi, kwa hiyo usishtuke ikifunguka na rangi za ajabu. Wewe weka uzi wako. Shida ya faili hizi ni kupanga mstari. Ukiziingiza moja moja, mashine huziweka kila moja katikati, na wewe ndiye unayezipanga. Hapa wengi hukosea kwa g, j, p na y. Wanapanga kwa kufuata ukingo wa chini wa kisanduku kinachoizunguka herufi kwenye kioo, basi mkia wa y unakaa sawa na tako la a, na y nzima inapanda juu kama imechuchumaa kwenye kiti. Panga kwa tumbo la herufi, mkia uache uning'inie. Kiswahili kina ny na ng na j nyingi, utaipata nafasi ya kuzoea.

Namna ya tatu ni herufi zilizotengenezwa ndani ya programu, ambazo zinahesabiwa upya kila ukigusa ukubwa. Kwa asiye na fedha ya programu kubwa napendekeza Ink/Stitch. Ni ya bure, inafanya kazi ndani ya Inkscape ambayo nayo ni ya bure. Unaandika jina, unachagua fonti, na kila fonti imewekewa mpaka wa kupunguzwa na kukuzwa. Uheshimu mpaka huo, umewekwa na aliyetengeneza herufi zile. Ukimaliza unahifadhi kwa PES, JEF, DST au VP3 (ya mashine za Pfaff na Husqvarna Viking). Mwanzoni inachosha, tena kwa Kiingereza chake cha menyu, lakini wiki mbili za jioni zinatosha.

Fonti za kawaida za kompyuta, zile za kuandikia barua, si fonti za kudarizi. Kuna programu zinazozigeuza kuwa mishono kwa kubonyeza mara moja. Nimejaribu. Kwa herufi za milimita 40 na kuendelea zinaweza kukubalika. Kwa jina la kifuani, mshono unageuka kila upande na kona zinavimba. Mtu aliyekaa akapanga kila herufi sindano iingie wapi na itoke wapi hajapata mrithi bado.

Herufi ndogo sana

Wakati mwingine huna ujanja, mfano maandishi ya milimita 6 chini ya nembo ya kikundi. Badili uzi kwanza: namba 60 ni mwembamba kuliko namba 40, namba ikipanda uzi unapungua. Uende na sindano 65/9. Andika kwa herufi kubwa zisizo na vijimkia, ziachanishe kidogo kuliko ulivyozoea, na mshono wa msingi, ule unaotangulia chini ya satini, uwe mstari mmoja wa katikati tu au usiwepo kabisa, kwa maana hauna pa kujificha. Mashine yangu inafika mishono 650 kwa dakika. Kwa kazi hii naishusha hadi 350. Chini ya milimita 5 nakataa, namwambia mteja ukweli.

Kitambaa ndicho chenye neno la mwisho

Kwenye sweta na fulana, weka chini karatasi ya kudarizia ile isiyochanika, ya kukatwa kwa mkasi na kubaki ndani, kwa kuwa nguo itaendelea kuvutika kila ikivaliwa. Ile ya kuchana inafaa tetroni na marikani. Na sweta usiliwambe ukalivuta kama ngozi ya ngoma. Wamba karatasi peke yake ikaze, kisha laza sweta juu likiwa limetulia, ulishike kwa pini nje ya njia ya sindano. Sweta lililovutwa likitolewa kwenye fremu linarudi kwao, na jina linajikunja pamoja nalo.

Taulo humeza herufi. Vile vinyweleo vyake vinapenya kati ya nyuzi na baada ya kufuliwa jina linaonekana kama limeota manyoya. Hapo nalaza juu yake ile karatasi nyembamba ya kung'aa inayoyeyuka kwenye maji, nashona, nachana, na kilichobaki nakifuta kwa kitambaa chenye maji. Lakini karatasi haiokoi fonti mbovu. Taulo lipewe herufi za milimita 25 na kuendelea, mstari 3 au zaidi. Ukitaka mwandiko mwembamba wa kuunganishwa, ushone kwenye ule ukanda bapa wa pembeni mwa taulo usio na vinyweleo.

Kila fonti mpya naijaribu kwa maneno yaleyale: "Mwenye ng'ombe sita". Yana M na w, yana e za kuangalia jicho, yana y na g za kuangalia mikia, b yenye tumbo na s inayosumbua kwenye mikunjo. Hayana a nyingi, kwa hiyo naongeza "Asha" pembeni. Nashona kwa saizi tatu kwenye kipande cha kitambaa kitakachotumika, nakikata, nakibandika kwenye daftari, na chini yake naandika jina la fonti, urefu, unene wa mstari, uzi, sindano na kasi. Daftari hilo lina kurasa zaidi ya sitini sasa. Mteja akija halinifikirishi. Nafungua, namwonyesha uzi wenyewe, anagusa, anachagua.

Na ng' je?

Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Fonti nyingi za kununua huja na A hadi Z, namba, labda alama ya "na" (&), basi. Kile kikoma cha juu hakipo. Nimeona shali la mtoto anayeitwa Ng'wandu limeandikwa Ngwandu, na mama yake amelikunja kabatini hataki kulitumia. Ana haki. Jina la mwanawe halikuandikwa.

Kabla ya kulipia fonti, soma orodha ya alama zake. Kama kikoma hakipo lakini koma ya kawaida ipo, chukua koma hiyo uipandishe mpaka kichwa chake kilingane na kichwa cha herufi kubwa N. Kama hata koma haipo, chukua nukta ya i au tengeneza kijiti cha satini, upana milimita 1.2, urefu 3, kikae wima au kiiname kidogo upande wa kushoto chini. Kiweke kati ya g na w, milimita 1 kutoka kila upande, na uongeze nafasi baina ya herufi hizo mbili ili kisibanwe. Kishone mwisho, baada ya jina lote, na uhakikishe kina mishono ya kufungia mwanzo na mwisho, miwili au mitatu midogo mahali pamoja, maana kitu kidogo hivyo kikikosa fundo kinafumuka nguo ikifuliwa mara ya kwanza. Shali lile nililipitia upya kwa namna hiyo, kwa uzi wa rangi ileile ya buluu, nikiwa nimeondoa w-a-n-d-u kwa wembe na kuishona tena milimita 4 kulia.